Fundi wa Majeraha ya Uongo

4 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limekupa nafuu. Mama ameniambia kwenye simu kwamba siku hizi unatembea mpaka kituo cha afya na kurudi bila fimbo. Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua wiki mbili, sasa kimetulia.

Najua hukutarajia barua yangu. Miaka mitatu imepita tangu nilipofunga begi nikaacha chuo cha matabibu nikiwa mwaka wa pili, na tangu siku ile mimi na wewe tunasalimiana kupitia kwa Mama tu, kama watu wanaopitishiana vitu dirishani. Siandiki ili kulifukua hilo. Naandika kwa ajili ya kazi.

Mama ameniambia kuwa Alhamisi iliyopita mlikuwa mnatazama tamthilia yetu ya hospitali. Yule mgonjwa wa ini alipoingizwa wodini, ulisimama ukasema, "Huyu hana manjano, huyu kamwagiwa bizari," ukatoka ukaenda kukaa barazani. Mama alicheka sana akinisimulia. Mimi sikucheka, Baba. Yule mgonjwa nilimpaka mimi.

Labda hukuelezwa vizuri ninachofanya hapa. Siwapaki waigizaji poda wapendeze. Kazi hiyo wanayo dada wawili hodari. Mimi ni fundi wa majeraha na magonjwa. Mtu akiungua kwenye tamthilia, ile ngozi iliyonyauka ni jelatini niliyopika mimi. Jasho la homa ni gliserini, na damu ni sukari iliyochemshwa ikatiwa rangi. Hapa kazini wananiita Dokta Kidonda, na wanaponiita hivyo huwa nakukumbuka, maana najua ungekunja uso.

Mgonjwa wa manjano anarudi kwenye vipindi viwili mwezi ujao. Naomba unijibu swali moja tu: nilikosea wapi?

Msalimie Mama.

Mwanao


16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, ingawa mimi na ngazi bado hatuelewani. Mama yako mzima, na kelele zake nzima. Kifua hicho usikidharau. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda kapimwe makohozi. Usinijibu kwamba huna nafasi.

Barua yako niliiweka juu ya kabati siku nne. Kila asubuhi Mama yako aliishusha akaiweka kando ya kikombe changu cha chai, na kila asubuhi niliirudisha. Siku ya tano nikachoka.

Nitakwambia ukweli. Bado sielewi mtu aliyebakiza mwaka mmoja avae koti jeupe la kweli alivyoamua kwenda kuwavalisha wengine la kuigizia. Tangu nistaafu, wenzangu wa kituoni wakiniuliza, "Kijana yuko wapi siku hizi?" nawajibu, "Yuko mjini," kisha naulizia mvua. Lakini umeuliza swali la kazi. Katika miaka thelathini na mmoja ya utabibu sikumwacha mtu aniulize swali la kazi akaondoka mikono mitupu.

Sasa sikiliza. Manjano huanza machoni. Yule mtu wako ngozi yake ilikuwa ya njano mpaka shingoni, lakini macho meupe kama karatasi. Haiwezekani. Weupe wa jicho ndio unaobadilika kwanza, halafu chini ya ulimi, halafu viganja. Kwa mtu mweusi, ngozi ya uso haigeuki rangi ya embe. Hufifia, kama nguo iliyofuliwa mno. Na huwa anajikuna. Muwekee alama za kucha mikononi na tumboni, nyingine mbichi, nyingine zimekauka. Tumbo limejaa, lakini mabega yamekonda, mashavu yameingia ndani. Na asikae kama mtu anayepigwa picha. Mgonjwa wa ini amechoka. Hata nzi hamfukuzi.

Mengine si yako, lakini waambie. Daktari wenu anavaa kile kipimo cha kusikilizia moyo kinyume, vile vya masikioni vinaangalia nyuma. Dripu imening'inizwa chini ya kitanda. Maji gani yanayopanda mlima? Na ile wiki ya juzi mlimkandamiza kifua mtu anayeongea. Anayeongea moyo wake unapiga, jamani.

Ni hayo tu.

Baba yako


20 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na asante. Nilikwenda kupimwa makohozi kama ulivyoagiza. Sina kitu, ni vumbi la mbao za seti tu. Natumaini nanyi hamjambo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaibandika ukutani juu ya meza yangu. Mwongozaji wetu alipita akaisoma yote, na alipofika kwenye maji yanayopanda mlima akacheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo hiyo dripu zote zikahamishwa juu.

Kwa yule mgonjwa nilianza upya. Nilimtafutia lenzi za macho zenye rangi hafifu, nikampaka chini ya ulimi na viganjani, nikamchora alama za kucha moja moja kwa sindano butu. Usoni sikutia njano hata tone. Nilimfifisha kwa rangi ya majivu. Mwigizaji mwenyewe ni mzee mmoja mcheshi. Alipojiona kwenye kioo akasema, "Nimefanana na kaka yangu mwezi wake wa mwisho." Nilitaka kumfuta. Akakataa. Akaenda kitandani akalala kama ulivyosema, na nzi hakumfukuza, maana kweli alikuwepo nzi.

Baada ya kipindi kile daktari mmoja wa hospitali kubwa alipiga simu kwenye kituo chetu cha televisheni kuuliza kama mgonjwa alikuwa wa kweli. Baba, siwezi kukueleza nilivyojisikia. Nilitamani ungekuwepo uisikie simu ile.

Sasa nina jambo zito zaidi. Mwezi wa sita kuna kipindi cha mjamzito atakayepata kifafa cha mimba. Ataigiza yule dada maarufu wa tamthilia yetu, ambaye Mama anampenda. Muswada ulivyo, anaingia hospitalini akiwa mrembo kabisa, anaanguka ghafla, povu linamtoka, muziki unapanda, basi. Mimi nakumbuka kidogo masomo ya chuoni, nami nahisi si hivyo. Lakini kuhisi hakunitoshi kubishana na mwongozaji. Nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nimefurahi kwamba kifua ni vumbi. Vaa kitambaa puani.

Kifafa cha mimba. Nimeanza barua hii mara tatu.

Degedege ndiyo mwisho wa habari, na ninyi mnataka kuifanya mwanzo. Kabla ya kuanguka, mwili husema kwa siku kadhaa. Uso huvimba, hasa asubuhi, macho yanakuwa membamba. Vidole hujaa. Kichwa huuma, na dawa za kawaida hazikitulizi. Huona vimulimuli au ukungu. Hupata maumivu hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, akadhani ni chakula. Miguu nayo huvimba. Ukibonyeza kwa kidole gumba penye mfupa wa muundi, shimo hubaki. Lakini usiweke miguu peke yake, maana wajawazito wengi wazima huvimba miguu, utawatisha bure. Weka vyote pamoja. Juu ya yote presha ipimwe, na mkojo upimwe. Usipopima presha hujafanya kitu.

Sasa nitakwambia nilivyojifunza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, peke yangu kwenye zahanati ya vyumba viwili. Ijumaa jioni, nimeshika ufunguo nafunga, akaja mwalimu wa shule ya msingi. Mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Akasema, "Tabibu, leo siku ya tatu kichwa kinaniuma, na nikiangalia ubao naona vimulimuli." Kipimo cha presha kilikuwa droo ya chumba cha pili. Hatua kumi. Nilikuwa nimechoka, nimefunga chumba kile, nina safari. Nikamwambia, "Unasahihisha madaftari kwenye mwanga hafifu, Mwalimu. Pumzika." Nikampa dawa ya maumivu. Akiwa mlangoni akanionyesha pete yake, anacheka, eti imekataa kutoka kidoleni. Nami nikacheka.

Jumapili mchana wakamleta kwenye kitanda cha kamba, anakakamaa. Nilifanya nilichojua. Alifia mikononi mwangu, na mtoto tumboni. Mume wake alinishika mkono akanishukuru kwa kujitahidi. Hilo ndilo lililonimaliza, mwanangu. Angenipiga ningepona mapema.

Mama yako ndiye pekee aliyejua hadi leo. Tangu siku ile hakuna mjamzito aliyepita mbele yangu bila kupimwa presha, hata aliyekuja kusalimia. Na ulipozaliwa nikajiambia, huyu atakuwa tabibu kunizidi. Sikukuuliza kama unataka. Ulipoacha chuo nilihisi kama Mwalimu amekufa mara ya pili, nikakutupia wewe hasira hiyo. Haikuwa yako. Nimeliona hilo nikiwa katikati ya barua hii, ndiyo maana mwandiko umebadilika.

Usifanye kipindi hicho kwa ajili yangu. Kifanye sawasawa.

Baba yako


19 Mei

Mwanangu,

Habari za kazi? Sisi hatujambo. Goti limerudi kunisumbua, ni baridi tu.

Wiki saba sasa sijapata barua yako. Mama yako anasema kwenye simu unajibu "niko bize, Mama," unakata. Nafikiri nilikuandikia mengi kuliko ulivyouliza. Kama nimekuelemea, niwie radhi. Zile dalili ni sahihi. Zitumie hata kama hutaki kuniandikia.

Baba yako


11 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo sana. Nisamehe kwa kimya. Hukunielemea. Barua yako nimetembea nayo mfuko wa shati tangu Aprili, mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Kila nilipokaa kuijibu niliona maneno yangu mepesi. Nikaamua sitaandika mpaka nimalize kazi, nikuandikie nikiwa na cha kuonyesha.

Nilikwenda kwa mwongozaji na karatasi ya dalili. (Habari za Mwalimu sikumwambia mtu. Hizo ni zako.) Akasema, "Kidonda, watu wanawasha tivii wamwone huyu dada akiwa mzuri. Ukimvimbisha uso watabadilisha stesheni." Nikamwambia mwanamke hafi kwa kuanguka, anafia kwenye zile siku tatu za kuambiwa pumzika. Akasema, "Muswada umeshapita." Nikamwambia basi atafute mtu mwingine wa kumpaka povu.

Baba, sikuwahi kumjibu mkubwa wangu hivyo.

Aliyeniokoa ni dada mwenyewe. Alikuwa anatengenezwa nywele pale pale, amesikia yote. Akageuka na vibanio kichwani akasema, "Mimi nimezaa mara mbili, na mara ya pili niliona hivyo vimulimuli. Nivimbishe." Mwongozaji akatazama dari, akatutazama sisi wawili, akamwita mwandishi.

Kwa hiyo muswada umeandikwa upya. Kuna muuguzi anayemsikiliza, anayemketisha, anayempima presha huku karani anamwambia muda umekwisha. Uso nilimjaza kwa vipande vya silikoni vyembamba, kope zikawa nzito. Vidole navyo. Lakini mguu ndio ulionitoa jasho. Nilitaka muuguzi abonyeze na shimo libaki mbele ya kamera, bila ujanja wa kukata picha. Silikoni hurudi ilivyokuwa papo hapo, na udongo wa kufinyangia haurudi kabisa, unaonekana umekufa. Nilichanganya na kuchanganya. Wa sita ulipasuka. Wa tisa ukakubali: unabonyeza, shimo linabaki, ukihesabu taratibu linaanza kujaa. Niliubonyeza peke yangu chumbani kama mara hamsini.

Tulipopiga picha, muuguzi akabonyeza, akaondoa kidole, shimo likabaki. Mwongozaji akasahau kusema "kata."

Ni Alhamisi ya tarehe ishirini. Tafadhali usitoke kwenda barazani.

Mwanao


8 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Sisi wazima kabisa, na natumaini nawe mzima. Goti sijui liko wapi, nimelisahau. Vuta kiti ukae, maana habari ni ndefu.

Alhamisi ile Mama yako alialika mtaa. Mimi niliwaomba watu watatu tu. Walikuja kumi na tisa, na viti vyao. Muuguzi mkuu wa kituo alikaa mbele kabisa. Ukafika mguu. Yule muuguzi wenu alipobonyeza na shimo likabaki, muuguzi mkuu akasema kwa nguvu, "Wamemtoa wapi mgonjwa huyu?" Mama yako akanitazama. Nikanyoosha kidole kwenye kioo, basi. Alipomaliza kupimwa presha wakampeleka chumba cha upasuaji, na mtoto alipolia nilikwenda jikoni kunywa maji. Nilikaa huko muda.

Hiyo si habari. Habari ni Jumanne iliyofuata, asubuhi.

Unamkumbuka fundi cherehani wa nyumba ya tatu, aliyekushonea sare? Alikuwa na mimba ya miezi minane kasoro. Akaja mlangoni, amevaa ndala za mumewe. "Mzee, samahani, niangalie mguu. Nimebonyeza kama yule wa kwenye tivii." Nikamwambia miguu huvimba, asiogope. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nikamkalisha.

"Kichwa je?"

"Kinauma tangu juzi."

"Macho?"

Akasitasita. "Jana nimeshindwa kutia uzi kwenye sindano. Nikadhani ni uzee."

Ana miaka thelathini na mmoja! Mama yako alikuwa ameshaleta mashine ya presha kutoka kabatini kabla sijaomba. Mia na sabini kwa mia na kumi na tano. Nikapima mkono wa pili: ile ile. Sikuvaa hata saa. Nilimwita dereva wa teksi wa kona, nikakaa na fundi kiti cha nyuma, nimemshika bega, na nilikuwa naongea njia nzima ili nisikie anajibu.

Hospitalini karani akasema, "Mzee, foleni iko kule." Nikamwambia, "Huyu haketi kwenye foleni yoyote." Akasema kuna utaratibu. Nikamtajia presha, nikamtajia macho, nikamtajia kichwa, kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nistaafu. Watu wakageuka mpaka kule kwenye dirisha la dawa. Muuguzi mmoja kijana akatoka, akamtazama fundi usoni mara moja tu, akaita machela. Akachomwa sindano ya kuzuia degedege, na mchana ule ule akafanyiwa upasuaji.

Mtoto wa kike. Kilo moja na gramu mia nane. Hakulia vizuri mwanzoni, na siku mbili za kwanza sikutaka kuandika barua hii, nakwambia wazi. Mama wa mtoto naye alikuwa haoni. Kila kitu kwake kilikuwa ukungu. Siku ya nne nilipoingia wodini akasema, "Mzee, hilo shati lako lina kifungo kimelegea." Nikajua macho yamerudi. Leo mtoto amefika kilo mbili, anabebwa kifuani ngozi kwa ngozi, na baba yake humbeba kwa zamu akiwa ameziba pumzi kama amebeba mayai.

Daktari wa zamu alikuja akamuuliza fundi, "Nani alikuambia uje mapema?" Akajibu, "Nimeuona mguu kwenye tivii." Na mimi, mtu mzima, nikasimama katikati ya wodi ya wazazi nikasema, "Ule mguu kautengeneza mwanangu. Kwa mikono yake. Wa kwanza mpaka wa nane alitupa." Nilisema mara tatu. Mara ya tatu hakuna aliyeniuliza.

Wenzangu kituoni wakiniuliza uko wapi, nawakalisha chini nawaeleza. Wengine sasa wananikwepa.

Baba yako


3 Agosti

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na mtoto wa fundi anazidi kunenepa.

Barua yako niliisoma chumba cha vipodozi, nikashindwa kuendelea, yule dada aliyeigiza mjamzito akaichukua akawasomea wote kwa sauti. Yeye mwenyewe hakufika mwisho, alimalizia mwongozaji. Kisha akauliza, "Huyo mzee anaweza kupanda basi?"

Baba, wanataka uje wiki moja usome miswada ya msimu ujao kabla haijapigwa picha, uwaambie kila mahali wanapodanganya. Utalala kwangu. Chumba ni kimoja, lakini kitanda ni kizuri, nami nina godoro la sakafuni. Lifti ipo, hutapanda ngazi.

Njoo uone ninapofanyia kazi.

Mwanao


22 Septemba

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Nimefika salama jana jioni. Natumaini umeamka mzima na umekula, maana nilipokuwa kwako niliona unakula umesimama.

Kuna mambo niliyashindwa kuyasema nikiwa huko, ndiyo naandika.

Miswada niliisoma yote nane, na nashukuru hawakuchoka na wino wangu mwekundu. Lakini hilo lilikuwa la kwao. La kwangu ni siku ya Jumatano, yule mzee wa kuigiza majeruhi wa ajali alipokosa kufika, na mwongozaji akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni kama mtu anayepima kitambaa. Nilisema hapana mara mbili. Wewe ukasema, "Ni kulala tu, Baba. Umeona waliolala maisha yako yote."

Nikakaa kwenye kile kiti chako. Ukanishika kidevu ukasema, "Angalia juu." Sikumbuki mara ya mwisho umenishika uso. Labda ulipokuwa huna meno. Nilikuwa na dakika arobaini za kukutazama kwa karibu bila wewe kunitazama, maana wewe ulikuwa unatazama kidonda. Uliuliza kabla hujaweka: "Paji la uso likipasuka, damu inakwenda wapi kwanza?" Nikakwambia inafuata nyusi. Ukaifuata. Ulipofika karibu na jicho ulizuia pumzi, mkono ukatulia tuli. Nimefanya kazi na matabibu wengi. Nimewafundisha kushona. Mikono kama hiyo niliiona kwa wawili, na mmoja wao amekufa.

Nilitaka kukwambia pale pale, ukasema, "Usiongee, Baba, gundi haijakauka." Kisha wakaniita kitandani. Kisha ikawa safari.

Sasa nikueleze kwa nini jana asubuhi nilikubali kupakwa tena turudie kile kipande, na kwa nini nilikataa unifute baadaye, nikasema nachelewa basi. Sikuwa nachelewa. Nilitaka kusafiri na kidonda hicho.

Basini walinipa kiti cha mbele. Mama mmoja akanipa maji, akaniuliza nani amenifanyia hivi. Nikamjibu, "Mwanangu." Akashika mdomo, basi lote likageuka. Ilinichukua vituo viwili kuwaelewesha, na wapo walioshuka bado wananihurumia. Muuguzi mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma alikuja akainama kabisa, akataka kukisafisha. Nikamwambia akiguse. Akakigusa, akaruka. Nikamwambia habari zako zote mpaka aliposhuka.

Mama yako alipofungua mlango alipiga ukelele, akaangusha taa ya mkononi. Nilipomwambia, akanipiga begani, kisha akaleta kiti akanikalisha kwenye mwanga akakiangalia kidonda muda mrefu. Asubuhi hii fundi ameleta mtoto, nami nimewaonyesha wote wawili. Mtoto amejaribu kukivuta.

Kona moja imeanza kubanduka, karibu na nyusi. Nimeirudisha kwa mate. Mama yako ananifokea nikaoge, eti nitachafua mito. Nimemwambia nitaoga, kuanzia shingoni kwenda chini.

Baba yako